Bata mzinga wa Krismasi: maswali ninayoulizwa kila Desemba

Napika kwa oda hapa Tabata, Dar es Salaam. Kuanzia wiki ya pili ya Desemba simu zinazoingia si za keki wala sambusa, ni za bata mzinga. Mtu kamuona kwenye friza ya supamaketi, kamtamani, kamnunua, kisha kafika naye nyumbani akakwama. Nimekusanya hapa maswali yanayojirudia. Nikiambiwa nimpe mtu neno moja tu, nitamwambia ahesabu siku. Viungo hata mtoto wa darasa la saba anaweza kupaka, ila ndege akichelewa kutoka kwenye friza, sikukuu imeharibika.

Ninunue wa kilo ngapi?

Piga hesabu ya nusu kilo kwa kila mtu mzima, mifupa ikiwemo. Ndege wa kilo 5 anawatosha watu 10. Kwa meza zetu zenye pilau, ndizi, chapati na kachumbari, huyo huyo anaweza kufika watu 12 au 13 bila mtu kulalamika.

Kabla hujachagua, pima oveni yako kwa futi: upana, kina, na kimo kutoka trei ya chini hadi waya za juu. Oveni nyingi za mezani tulizonazo majumbani zinambeba ndege wa kilo 4 au 5 kwa shida. Akigusa waya za juu ngozi inaungua na nyama bado mbichi. Ukiwa na wageni 20, ndege wawili wadogo wanapikika vizuri kuliko mmoja wa kilo 9.

Nitajuaje kwamba hajawahi kuyeyuka na kugandishwa tena?

Mgeuze umuangalie chini. Ukiona damu au maji ya waridi yameganda kama sahani kwenye kona ya mfuko, ujue aliyeyuka akalala hapo, ndipo akagandishwa upya. Umbo lililobonyea upande mmoja ni dalili hiyo hiyo. Mfuko uliochanika muache. Mabaka meupe makavu kwenye ngozi hayana sumu, ni baridi ya friza imekausha nyama, lakini sehemu hiyo itakuwa kama kamba mdomoni. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi, na kama maandishi yamefutika chukua mwingine.

Soma pia kama ameongezewa maji ya chumvi kiwandani. Wengi wanaongezewa ili nyama isikauke. Huyo usimtie chumvi tena kama kawaida, atakuwa mkali kama ng'onda.

Nitoke naye vipi dukani hadi Mbagala?

Mnunue mwisho, baada ya mchele na soda. Nenda na deli lenye barafu, au hata mfuko mzito uliozungushiwa magazeti na taulo. Ukishampata nenda nyumbani moja kwa moja. Foleni ya Desemba unaijua, na buti la gari lililoegeshwa juani lina joto la kuivisha yai. Ukipanda daladala, usimuweke karibu na injini.

Dada, si bora ninunue aliye hai pale Shekilango?

Ni bora kwa anayejua kazi hiyo. Bata mzinga hai unaweza kumpata kwenye masoko ya kuku, kama Shekilango au Kisutu, na nyama yake ina ladha nzito kuliko ya yule wa friza. Lakini aliyefugwa nje na kutembea sana ana misuli migumu, hasa dume lililokomaa. Ukimuingiza huyo kwenye oveni kama ulivyoona kwenye video, utatafuna hadi Mwaka Mpya. Mkate vipande, mchemshe taratibu kwa tangawizi na chumvi hadi alainike, ndipo umalizie kwenye moto mkavu. Mengine yote kwenye ukurasa huu yanamhusu wa dukani, ambaye huchinjwa akiwa mdogo na nyama yake ni laini.

Nimtoe lini kwenye friza?

Hapa naomba usome polepole.

Njia salama kuliko zote ni ndani ya friji, kwenye shelfu ya chini kabisa, akiwa kwenye mfuko wake na juu ya sinia lenye kingo ili maji yake yasitiririkie mboga. Hesabu siku moja kamili kwa kila kilo 2 hadi 2.5. Wa kilo 5 anataka siku mbili hadi tatu. Friji zetu hufunguliwa mara mia kwa siku wakati wa sikukuu na pengine zimejaa hadi mlangoni, ila zikijaa chupa za baridi kumzunguka ndege, yeye huyeyuka polepole zaidi. Mimi hutoa wa kilo 5 tarehe 21 Desemba asubuhi. Akiwahi kuyeyuka hana tatizo, anaweza kukaa humo friji siku moja au mbili zaidi kabla ya kupikwa.

Mwaka wangu wa kwanza nilimtoa usiku wa mkesha. Nikamlaza juu ya meza ya jikoni, nikamfunika kanga, nikaenda kanisani moyo ukiwa mweupe. Asubuhi nilimgusa, ngozi laini, ya vuguvugu, inatoa maji. Nikaona yuko tayari. Nilipoingiza mkono tumboni vidole vilikutana na barafu ngumu, na kifurushi cha firigisi kilikuwa kimeng'ang'ania mbavuni kama jiwe. Nikampika hivyo hivyo. Saa saba alitoka amependeza rangi ya kahawia, baba mkwe akakata paja, damu ikatoka. Wageni walikula pilau na kachumbari, na ndege akarudi kwenye oveni hadi saa kumi na moja jioni.

Kilichonitisha baadaye, nilipoelewa, si ile damu. Ni ile ngozi ya vuguvugu. Bakteria wa nyama ya kuku na bata wanazaliana haraka kati ya nyuzi 4 na nyuzi 60 za sentigredi, na jiko la Dar Desemba lina joto hata usiku wa manane. Ndani ndege ni barafu, nje bakteria wameshakesha saa nane kwenye joto wanalolipenda. Usimyeyushe mezani. Usimuweke juani. Usimtie maji ya moto.

Nimeshachelewa, ni tarehe 24 jioni. Nifanyeje?

Tumia maji ya baridi. Muache kwenye mfuko wake usiovuja, mzamishe wote kwenye ndoo kubwa au beseni, na kila baada ya nusu saa mwaga maji uweke mengine. Hesabu ni kama saa moja kwa kila kilo, hivyo wa kilo 5 atachukua saa tano hadi sita.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya kwenye mfuko hayalisemi. Yanaposema maji ya bomba ya baridi, yanafikiria bomba la nchi zenye majira ya baridi. Maji yetu yanatoka kwenye tenki lililopigwa jua mchana kutwa. Uyashike, yana joto la kuogea mtoto. Kwa hiyo nunua barafu, weka vipande vikubwa kwenye ndoo, na ongeza kila unapobadilisha maji. Mkono wako ukizama humo uusikie baridi ya kuuma. Na ndege aliyeyeyushwa kwa maji hangoji: akimaliza anaingia jikoni hapo hapo, au anaingia friji kwa saa chache tu huku ukitayarisha viungo.

Ukishindwa vyote, ndege anaweza kuingia oveni akiwa bado ameganda. Ni salama, ila muda unaongezeka kwa nusu yake au zaidi: wa saa tatu atataka saa nne na nusu. Huwezi kumpaka viungo mwanzoni kwa sababu having'ang'anii, na baada ya saa kama mbili umtoe kile kifurushi cha tumboni kwa koleo.

Kifurushi gani?

Shingo, firigisi, moyo na maini. Viko tumboni au upande wa shingo kwenye uwazi, kwenye karatasi au nailoni. Angalia sehemu zote mbili, watu wengi humpika navyo. Vichemshe na kitunguu, karoti na pilipili manga upate maji ya kutengenezea mchuzi. Firigisi ya bata mzinga ni kubwa, inajaa kiganja cha mtoto, na kwetu inabaki ni ya mzee wa nyumba.

Ninamuosha kwa ndimu kama kuku?

Swali hili linaleta ubishi kila mwaka, na ninaelewa kwa nini. Mama zetu wametufundisha kwamba nyama isiyooshwa ni ya mvivu. Lakini maji ya bomba yakimpiga ndege mbichi yanarusha matone kwenye sinki, kwenye vyombo vilivyooshwa, kwenye kachumbari uliyokata pembeni, na matone hayo yanabeba bakteria kama salmonela. Kuosha hakuwaui. Moto ndio unawaua.

Ninachofanya: namfuta ndani na nje kwa karatasi za jikoni hadi akauke kabisa, nazitupa hapo hapo, nanawa mikono kwa sabuni. Ndege mkavu ngozi yake inakaukia vizuri pia. Kama roho yako haitulii bila maji, muoshe ndani ya beseni taratibu bila kumwaga bomba juu yake, ondoa vyombo vyote jirani, kisha sugua beseni na sinki kwa sabuni na maji ya moto.

Viungo gani vinamfaa?

Bata mzinga ana nyama nyingi na ladha ya upole, hivyo anahitaji chumvi iliyoingia ndani, si ya kunyunyiza juu. Kama hajaongezewa chumvi kiwandani, chukua chumvi laini kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo, mpake nje na ndani, mrudishe friji bila kumfunika usiku mzima. Chumvi hutoa maji kwanza, kisha yanarudi ndani ya nyama yakiwa na ladha.

Siku ya kupika ingiza vidole taratibu kati ya ngozi na nyama ya kidari hadi ngozi iachane bila kuchanika. Humo ndani pakaza siagi uliyochanganya na kitunguu saumu na tangawizi zilizotwangwa, pilipili manga na binzari nyembamba kidogo. Usiweke kitunguu saumu juu ya ngozi, kinaungua na kuwa kichungu kabla ndege hajaiva. Juu ya ngozi siagi au mafuta peke yake yanatosha. Tumboni weka ndimu zilizokatwa katikati, kitunguu na majani ya giligilani.

Ndimu usimlowekee usiku kucha kama mshikaki. Asidi inaifanya nyama ya juu iwe kama unga.

Na wali au pilau tumboni?

Sishauri. Wali ulioko tumboni unalowa maji ya nyama mbichi, na mpaka katikati yake ufike nyuzi 74 kidari kimeshakauka. Pika pilau yako kwenye sufuria kama siku zote, tumia ile supu ya shingo na firigisi badala ya maji. Utaonja tofauti.

Anakaa muda gani kwenye oveni?

Kwa nyuzi 165, wa kilo 4 hadi 5 anachukua karibu saa mbili na dakika 45 hadi saa tatu. Wa kilo 6 anaweza kufika saa tatu na nusu. Kidari kiangalie juu. Akishapata rangi, funika kidari kwa foili ili mapaja yaendelee bila kukiunguza. Usifungue mlango kila dakika kumi kumwagia mafuta, joto linakimbia na muda unarefuka.

Kama chakula ni saa saba mchana, mimi huingiza wa kilo 5 saa tatu na nusu asubuhi. Anatoka saa sita na nusu, anapumzika dakika 20 hadi 30 kabla ya kukatwa. Usiruke mapumziko hayo. Ukimkata anapotoka tu maji yote yanaishia kwenye ubao. Wenye ibada ya asubuhi wapangane, mmoja aende kwenye mkesha ili asubuhi abaki nyumbani. Moto usiachwe peke yake, wala usiachiwe watoto.

Nitajuaje ameiva?

Kwa kipimajoto cha nyama. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya jikoni Kariakoo, na kwa mtu anayepika ndege huyu hata mara moja kwa mwaka, ni kitu cha kwanza ninachomwambia anunue, kabla ya trei nzuri. Chomeka sehemu nene kabisa ya paja bila kugusa mfupa, kisha sehemu nene ya kidari. Kote kusome nyuzi 74 au zaidi. Ndege wengine huja na kijiti cha plastiki kinachochomoza chenyewe. Usikitegemee peke yake.

Rangi inadanganya. Nyama ya karibu na mfupa inaweza kubaki ya waridi hata ikiwa imeiva, hasa kwa ndege mdogo, na ngozi inaweza kuwa kahawia huku paja ni bichi, kama yule wangu wa mwaka wa kwanza.

Sina oveni. Nina gesi ya plate mbili na jiko la mkaa.

Basi usimpike mzima. Mkate, au muombe muuza bucha amkate akishayeyuka: mapaja mawili, mabawa, kidari katika vipande vinne. Tumia sufuria kubwa zito, panga vipande, moto kidogo chini na makaa mengi juu ya mfuniko, kama unavyopalia mkate wa mchele. Mapaja yaanze, kidari kifuate baada ya nusu saa hivi, kwa sababu kinaiva haraka. Mimi binafsi napenda njia hii kuliko oveni: vipande vinapata harufu ya mkaa na kila kimoja kinatoka kwa wakati wake. Pima kila kipande, nyuzi ni zile zile 74. Na jiko la mkaa likae uani, si ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi usioonekana unaua.

Njia nyingine ni kuzungumza mapema na mwokaji keki wa mtaani kwako mwenye oveni kubwa. Nasema mapema kwa maana ya mwanzoni mwa Desemba, siku ya mkesha hakuna atakayekusikiliza.

Mwenye oveni ndogo anaweza kumpasua uti wa mgongo kwa mkasi mzito, amgeuze na kumkandamiza kifuani hadi alale bapa kwenye trei. Kwa nyuzi 220 wa kilo 5 anaiva kwa karibu saa moja na nusu. Hapendezi kwenye picha, lakini ngozi yote inakauka na nyama haikauki.

Umeme ukikatika?

Friza iliyojaa ikibaki imefungwa inahifadhi baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu, baada ya hapo hamishia ndege kwenye deli la barafu. Ukikatika akiwa kwenye oveni usifungue mlango ukisubiri kwa matumaini. Dakika chache si neno, lakini ikikaribia nusu saa mtoe, mkate vipande, umalizie kwenye gesi au mkaa mara moja. Usimuache nusu mbichi akingoja hadi jioni. Na kama oveni ni ya umeme, nunua uniti za LUKU jana yake.

Wageni wangu wengi ni Waislamu. Niangalie nini?

Alama ya halali kwenye mfuko, na kama haipo usikisie, tafuta mwingine. Ukinunua hai, achinjwe na Muislamu hapo sokoni. Kisha usiharibu mbele: usiweke soseji za nguruwe tumboni wala divai kwenye mchuzi. Waambie wageni mapema umenunua wapi, watakula kwa raha.

Mchuzi mzito wa kumwagia unatengenezwaje?

Chukua mafuta na maji yaliyobaki kwenye trei, ondoa mafuta mengi ya juu. Kwenye vijiko viwili vya mafuta hayo kaanga vijiko viwili vya unga wa ngano hadi unukie, ongeza ile supu ya shingo kidogo kidogo ukikoroga. Kamulia ndimu mwishoni.

Mabaki?

Dar watu hawali wakaondoka. Mgeni wa saa saba anapakua tena saa kumi, mwingine anafika saa kumi na mbili akitokea Kigamboni, na sinia liko pale pale mezani likipigwa na feni. Joto likizidi nyuzi 32, nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa moja. Likiwa chini ya hapo, saa mbili. Kwa hiyo kata nusu tu ya ndege, nusu nyingine iingie friji mapema ikiwa imetolewa mifupa na kutandazwa kwenye vyombo vifupi, ipoe haraka. Anayechelewa mpashie moto sahani yake.

Kwenye friji tumia ndani ya siku tatu au nne. Kidari kilichobaki kichambue uzikunje sambusa, au kipike mchuzi wa nazi mwepesi, tui likiingia mwisho ili nyama isichemke sana. Mifupa yote, na mbavu zile zenye nyama zilizogoma kutoka, itie sufuriani tarehe 26 asubuhi na tangawizi, kitunguu na pilipili nzima, iache ichemke polepole saa mbili. Supu hiyo na chapati za jana, na ndimu pembeni, ndiyo ninayoingojea mimi tangu tarehe 21.